Kitabu Kilichorudi Safi

Juzi kwenye kundi letu la simu, lile la wanawake wa huku Maryland na Virginia, mmoja kaandika: "Fall imeingia jamani, hebu tu-catch up! Kila mtu aseme anatazama nini na anasoma nini siku hizi." Kisha akabandika picha ya boga. Basi ikawa boga, boga, boga mpaka adhuhuri. Wanawake wazima waliolelewa kwa boga la nazi, leo wanalinunua kuliweka mlangoni lioze, mradi lipigwe picha. Nilisonya peke yangu jikoni.

Na majibu sasa. Mmoja wa Fairfax, Mkenya, mtu na heshima zake chuoni kule, alituma picha ya kitabu kinene juu ya blanketi, na kikombe cha kahawa yenye mdalasini pembeni. Kitabu hicho nakijua. Kilipigwa picha Mei, kikapigwa Julai, kimepigwa tena Oktoba, na ule utepe wa kuwekea alama haujasogea hata jani moja. Kinachobadilika ni kahawa. Mwingine alisema amemaliza vitabu vinne mwezi huu. Vinne! Nikamuuliza vinahusu nini, akanijibu kwa vikatuni vya kucheka. Wa tatu, huyu wa kwetu kabisa, Tanga, akasema yeye hana muda wa kusoma, ila vitabu anavisikiliza akiwa anaendesha gari. Kwenye ile Rockville Pike, ambako mtu na akili zake hawezi kusikia hata dua anayoiomba, mwenzetu anasikiliza riwaya. Haya bwana.

Mimi sikujibu. Ninacho cha kusema, tena kingi, lakini hakiwezi kukaa chini ya picha ya boga. Ninachotazama ni tamthilia ya kipuuzi kuliko zote zilizowahi kutengenezwa. Ninachosoma ni maneno ya mume wangu, na maneno hayo hayako kwenye karatasi yoyote. Yako kichwani mwa jirani yangu, Mkongo mmoja anayefagia ofisi za watu. Na yamefika huko kwa sababu ya mdomo wangu mimi.

Nianze na marehemu, maana kitabu kilichobeba maneno hayo ni chake. Amefariki mwaka wa pili sasa, msimu huu huu, majani yakianguka na wale wanaume wenye mashine za kupuliza wakiyahamisha kutoka upande huu wa maegesho kwenda upande ule, na kesho yake kuyarudisha. Kule nyumbani alikuwa mwalimu wa sekondari, Korogwe. Huku alikaa miaka ishirini ndani ya kibanda cha maegesho ya magari, akipokea tiketi na kuinua lile gogo la njano. Hakulalamika hata siku moja, jambo lililoniudhi sana. Alikuwa na vitabu. Kila msafiri aliyetoka Dar alibebeshwa kimoja, kikaja kimefungwa na dagaa ndani ya begi, na yeye akakipokea kama aliyeletewa mtoto.

Na hakuweza kusoma bila kalamu ya risasi. Ualimu haukumtoka. Anasoma mistari mitatu, anaandika pembeni. Nikamwambia, "Wewe hata kitabu cha mtu kilichokwisha kuchapishwa unataka kukisahihisha?" Akacheka. Mwanzoni, miaka ile ya kwanza, alikuwa haandiki sana, alikuwa ananiita. "Mama, sikiliza hapa." Anataka kunisomea kipande. Mimi nimetoka kwenye nyumba ya wazee, nimegeuza wazungu tisa vitandani tangu alfajiri, mgongo unaniuma, niko jikoni, halafu mtu ananiita nikasikilize mambo ya watu ambao hawapo duniani. "Niache, nina kazi," ndilo lilikuwa jibu langu. Kazi ilikuwepo kweli. Lakini nisijisafishe: na dharau nayo ilikuwepo. Nilimwona mtu mzima anayechezea muda. Taratibu akaacha kuniita, na kalamu ikazidi kuandika, na mimi nikafurahi kwamba nyumba imetulia.

Kitabu chake cha mwisho kilikuwa riwaya nene kuhusu karani wa stesheni ya reli anayefungua barua za watu na kuzisoma. Alifika ukurasa wa mia mbili na kumi na moja, akakunja pembe, akaweka juu ya stuli karibu na kiti chake. Kesho yake tukaenda hospitali, na siku ya tisa nikarudi peke yangu.

Kitabu kikabaki pale pale kwenye stuli. Nilikifuta vumbi kila Alhamisi, siku yangu ya mapumziko. Nilikifungua mara moja tu, nikaona pembezoni mwake kote kumejaa mwandiko wake mdogo mdogo, ule wa kulalia kulia, nikakifunga haraka. Nilijiambia nitakisoma nikitulia. Uongo mtupu. Nilikuwa naogopa. Binti yangu, ambaye unamsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, alisema tukipige picha kurasa zote zihifadhiwe kwenye kompyuta. Nikamfokea, nikamwambia mambo ya baba yake si boga. Laiti ningemsikiliza, nisingekuwa na haya ya kuandika.

Sasa jirani. Anakaa mlango wa pili, ghorofa yetu hii hii. Kwao ni upande wa Uvira, lakini amekulia kambini Kigoma, kwa hiyo Kiswahili chake ni mchanganyiko ambao mtu wa Tanga akiusikia anataka kukaa chini. Ana umri wa binti yangu mkubwa au zaidi kidogo. Asubuhi anasafisha ofisi, saa sita mchana yuko nyumbani, na saa sita na dakika moja televisheni inaunguruma. Tamthilia! Ya Kifilipino, imetiwa sauti za Kiswahili, na sauti zenyewe ni tatu kwa watu thelathini. Kuna bibi tajiri kwenye kiti cha magurudumu ambaye kumbe anatembea, ila hakuna anayejua isipokuwa mtunza bustani, na mtunza bustani naye amepoteza kumbukumbu. Nilikuwa nayasikia yote haya ukutani bila kutaka. Nilimdharau yule mwanamke, nasema ukweli. Nilimdharau kwa tamthilia, kwa Kiswahili, na kwa yale mazoea yake ya kugonga mlango wangu kila Alhamisi na sahani ya kitu mkononi, kwa sababu eti mjane hatakiwi kula peke yake siku nzima.

Alhamisi moja mwishoni mwa Agosti alikuwa amekaa kwenye kochi, akakitazama kile kitabu.

"Mama," akasema, "ile kitabu, tangu nilianza kuingia hapa, iko tu pale pale. Hauisomake?"

Nyie! Yaani yeye, mtu wa bibi anayetembea kwa siri, ndiye wa kuniuliza mimi habari ya kusoma? Ningeweza kusema kitabu hiki ni cha mume wangu, kina mkono wake, sikigusi. Ni sentensi moja tu. Lakini kusema hivyo ni kumwonyesha kwamba mimi ninayewacheka wenzangu kwa utepe usiosogea, kwangu pia kuna kitabu kisichosogea. Nikasema, "Nilishakimaliza zamani."

"Basi uniazime, mama. Bitabu ya Kiswahili huku haiko."

Nikakichukua, nikampa. Nilimpa kwa makusudi na kwa kiburi, nikijua ni kigumu, nikijua hatavuka ukurasa wa tano, na wiki ijayo atakirudisha ameinamisha kichwa, na mimi nitapata cha kumcheka mpaka Krismasi yao. Alipotoka nikaona ile stuli tupu. Nikajikaza. Nikasema wiki moja tu.

Zikawa wiki tatu. Alhamisi mbili alikuja na sahani bila kitabu, na nilipouliza alisema, "Bado kidogo, mama, niko naitengeneza," nikadhani Kikongo chake hicho, anamaanisha anakimaliza. Ukutani nilisikia tamthilia ikiendelea. Nikacheka kwa pua.

Alhamisi ya tatu alifika amevaa kitenge cha kanisani. Mkono mmoja sahani ya maandazi, mkono mwingine kitabu. Kimevishwa jalada jipya la karatasi ya maua, pembe zimekunjwa vizuri na kubanwa kwa gundi ya utepe, kama madaftari ya shule siku ya kwanza. Alikishika kwa mikono miwili kunikabidhi. Uso wake uling'aa, wallahi, sijawahi kumwona ana furaha namna ile.

"Fungua, mama."

Nikafungua. Ukurasa mweupe pembeni. Nikafungua mwingine, mweupe. Nikapekua kwa kidole gumba kurasa mia, zote zimepita mbele ya macho yangu safi kama zimetoka kiwandani. Hata ile pembe ya ukurasa wa mia mbili na kumi na moja ilikuwa imekunjuliwa na kupigwa pasi.

"Kulikuwa kreyo kila fasi," akasema, yaani penseli. "Kila fasi, mama! Batu balichafua sana ile kitabu. Nimemaliza gome mbili." Akanionyesha kwa vidole ukubwa wa hizo raba zilipokuwa mpya na ukubwa wa vipande vilivyobaki.

Nikamuuliza nani alimtuma. Akaniambia hakuna aliyemtuma, ni heshima. Kule kambini, mwisho wa mwaka, mwanafunzi harudishi kitabu cha masomo kikiwa na penseli ndani. Mwalimu anafungua ukurasa mmoja mmoja mbele yako. Akiona alama hata moja, hakupi buletini, ile karatasi yako ya maksi, mpaka ufute. Na kwa kuwa raba hazikuwepo, walikata kisigino cha ndala iliyokwisha, wakafutia hiyo. Kitabu cha mtu ukikirudisha kama kilivyo, umemtukana. Lazima kirudi safi kuliko ulivyokipokea. Yote haya aliyasema akitabasamu, akingoja nimshukuru.

Nilimpigia kelele. Sitaki kuandika yote niliyosema. Nilimwambia mwandiko ule ulikuwa wa mume wangu. Nilimwambia amemzika mara ya pili. Nilimwambia mtu asiyejua kitabu ni nini arudi kwenye tamthilia yake, na nikataja kambi, na nikataja Kiswahili chake, mambo ambayo mtu mwenye adabu hayataji. Alikaa chini kwenye sakafu pale pale alipokuwa, akashika kichwa. Kisha akainuka, akaacha sahani, akatoka. Maandazi nikayatupa. Mazuri, ya iliki, nikayatupa yote.

Siku zile zilizofuata nilikuwa mgonjwa wa hasira. Mchana nikitoka kazini nakipeleka kitabu dirishani, nakiinamisha ili mwanga uangukie pembeni, nione kama kalamu iliacha mfereji. Hapa na pale nikapata maneno mawili, matatu. "Kwa." "Si kweli." Mahali pamoja, "chai." Basi. Yule mwanamke anajua kusafisha, ndiyo kazi yake. Nikajikuta namlaumu yeye asubuhi, jioni najilaumu mimi, na kati yake namlaumu hata marehemu, kwa nini hakutumia wino. Nilichokuwa siwezi kukubali ni kwamba nilikuwa nayalilia maneno ambayo nilikaa nayo miaka miwili chumba kimoja na sikuyasoma. Ningemwambia nani hilo?

Na kule ukutani, kimya. Televisheni haikuwashwa tena. Siku tatu. Niliudhika hata na ule ukimya.

Jumapili, baada ya kanisa lao, mlango ukagongwa. Nikachungulia kwenye kitundu, nikamwona. Sikufungua. Akajua niko nyuma ya mlango, maana akaanza kusema na mbao.

"Mama, ukurasa ya kumi na mbili. Iliandikwa: hapa angesema, mwanaume muzima anafungua barua ya batu, hana kazi? Kiisha chini yake: na angesema kweli."

Nilisimama na mkono kwenye kitasa.

"Ukurasa ya kumi na tano iliandikwa tu: angesonya."

Nikafungua.

Alikuwa amesoma kila kitu. Nikamuuliza amewezaje kusoma na kufuta, akanitazama kana kwamba swali ni la kijinga. "Siwezi kufuta kitu sijasoma, mama. Na kama ni namba ya simu ya mutu?" Kwa hiyo alikuwa anasoma, anahakikisha si kitu cha maana, anafuta. Si kitu cha maana! Na kila alipokuwa anasoma alikuwa anacheka, akasema, kwa sababu yule bwana anayeandika alikuwa na mke mkali sana, na kila jambo la kwenye hadithi anamuuliza mkewe kimoyomoyo, kisha anaandika jibu la mkewe. "Nilimupenda sana ule bibi," akasema. "Nilifikiri kama iko mutu wa ndani ya kitabu."

Nilitengeneza chai.

Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Alipoacha kuniita, hakuacha kuongea nami. Alihamia pembeni. Alikuwa ananisomea kwenye kile kibanda cha maegesho na kwenye kile kiti, ananipa nafasi nijibu, na kwa kuwa ananijua, majibu alikuwa nayo.

Basi nikataka yote. Nikaleta daftari, nikamwambia ataje, tuanze ukurasa wa kwanza. Akafumba macho, akataja matano, akakwama. Nikamhimiza, akakwama zaidi, akaanza kulia. Hapo ndipo aliposema jambo ambalo ningemcheka mwezi mmoja kabla. Alisema alikuwa anafuta huku tamthilia inaendelea, mikono na macho kwenye kitabu, masikio kule. Maneno ya bwana yameshikana na mambo ya kule. Siku bibi tajiri alipoanguka kwenye ngazi, yeye alikuwa kwenye sura ya tatu ya kitabu. Siku mtunza bustani aliposhtuka na kukumbuka jina la mtoto wake, alikuwa karibu na ukurasa wa tisini. Akiiona sehemu ile tena, maneno yatarudi.

Astaghfirullah. Yaani nimkute mume wangu ndani ya tamthilia ya Kifilipino.

Nikaenda. Ningefanyaje? Kila siku saa tisa mchana nikitoka kazini napita mlango wangu, nagonga wake, nakaa kwenye kochi lake lenye vitambaa vya kufuma, na daftari magotini. Tulianza sehemu ya arobaini na mbili, aliyokuwa akiitazama siku niliyompa kitabu. Nimetazama uchafu ule, jamani. Nimemtazama mwanaume akimlilia mke aliyekufa mwaka mzima, na mke mwenyewe anauza samaki mtaa wa pili. Nimetazama pacha mbaya na pacha mzuri, wanaotofautishwa kwa hereni. Napiga kelele, "Hereni! Muangalie hereni, mjinga wewe!" na jirani anacheka mpaka anashika tumbo, kisha ghafla ananyamaza, ananyanyua kidole.

"Iko inakuja, mama. Ukurasa ya sabini na kitu. Chai ya hapa iko sawa na chai ya bibi yangu akikasirika. Tangawizi mingi, sukari hapana."

Naandika. Naandika kwa Kiswahili cha mume wangu, narudisha kila neno mahali pake, maana yeye asingeandika "sukari hapana" hata kwa kulazimishwa. Lakini mengine nayaacha kama alivyoyasema jirani, kwa kuwa sina uhakika, na kwa kuwa nimechoka kuwa na uhakika wa kila kitu. Daftari limefika kurasa kumi na tisa. Mengine hayakurudi na hayatarudi. Kuna sehemu nzima, ya sitini na moja, walipofunga ndoa ya uongo, ambayo tumeitazama mara tatu na haikutoa hata neno. Nimelia kwa ajili ya ndoa ya uongo ya Wafilipino kuliko nilivyolia kwenye harusi yangu mwenyewe.

Watu wa kundi la simu wangeniona. Mwenye kahawa ya mdalasini angezimia.

Wiki iliyopita tulifika sehemu ambayo bibi tajiri anasimama mbele ya mahakama, anatembea, watu wote wanapiga mayowe. Nikajua tumekaribia mwisho, kwa sababu jirani alianza kuwa na kazi nyingi. Mara anachemsha maji, mara anatafuta simu, mara kichwa kinamuuma. Nikamwambia, "Dada, sema. Ukurasa wa mia mbili na kumi na moja uliandikwa nini?"

"Nimesahau, mama."

"Hujasahau."

"Nimesahau."

"Wewe unakumbuka rangi ya hereni za sehemu ya hamsini, halafu hili umesahau? Usinifanye mtoto."

Akasimamisha picha. Bibi tajiri akabaki na mguu mmoja hewani. Jirani akatazama mikono yake, akasema polepole, na safari hii alisema kwa Kiswahili safi kabisa, neno kwa neno, kama mwanafunzi mbele ya mwalimu wa kambini.

"Kalamu imetosha. Leo namsomea kwa sauti, atake asitake."

Nikaikumbuka siku yenyewe. Ilikuwa alasiri. Nilikuwa nakanda unga wa sambusa za hitima ya mama wa rafiki yangu, Landover. Alikuja jikoni na kitabu mkononi, akasimama karibu na friji, amevaa ile sweta ya kijivu. Hakuwahi kuja nacho jikoni kabla ya siku hiyo. Akasema, "Mama, sikiliza hapa kidogo." Mimi sikugeuka hata kumtazama. Nikamwambia, "Huoni mikono yangu ina unga?" Kana kwamba masikio yangu ndiyo yaliyokuwa na unga. Akasema, "Basi baadaye," akarudi kwenye kiti, na bila shaka hapo ndipo alipokunja ile pembe. Kulipokucha hakuweza kuinua mkono wa kushoto.

Nilimwambia jirani aizime kabisa televisheni. Akaizima. Nikakitoa kitabu mkobani, na lile jalada lake la maua, nikafungua ukurasa wa mia mbili na kumi na moja, nikaanza kusoma kwa sauti pale alipoishia. Sauti yangu si ya kusoma. Nilikwama, nikarudia mistari. Jirani alikaa na mikono mapajani, anasikiliza. Yule karani wa stesheni alikuwa ameipata barua iliyoandikwa kwake yeye mwenyewe, mara ya kwanza katika maisha yake, na badala ya kuifungua akaiweka kwenye rafu pamoja na za watu wengine.

"Mjinga huyu," nikasema, na nikasonya.

Jirani akainama, akafungua mtoto wa meza, akatoa kalamu ya risasi. Akaishika juu ya ukingo wa ule ukurasa mweupe aliousafisha kwa mikono yake, akanitazama.

"Niandike, mama?"

"Andika," nikamwambia.